Uzio na Haki ya Kutoroka: Kinachowagawa Wawindaji wa Kulungu Marekani

Wawindaji wa kulungu nchini Marekani wanakubaliana katika mengi: nyama isitupwe, risasi isifyatuliwe kabla ya kuona vizuri kinacholengwa, mnyama aliyejeruhiwa afuatwe mpaka apatikane. Kinachowagawa ni uzio. Wapo wanaosema kwamba kulungu aliyezungushiwa waya wa kimo cha mita 2.4, asioweza kuuruka, hawindwi bali huchinjwa kwa bunduki. Wapo wanaojibu kwamba waya huo ni mpaka wa shamba tu, na kwamba ndani ya maelfu ya eka za vichaka vya miiba mnyama ana maficho ya kumshinda mwindaji hodari. Ubishi huu umefika mahakamani, katika mabunge ya majimbo na kwenye masanduku ya kura, na mara nyingi wanaovutana ni watu wanaobeba bunduki za aina moja na kula nyama ya aina moja.

Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe. Si jamaa wa swala na pofu wa Afrika Mashariki, ambao pembe zao hukaa kichwani maisha yote. Dume wa kulungu huyu huota pembe mpya zenye matawi kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi. Pembe hizo ndizo kiini cha biashara inayobishaniwa, kwa sababu hupimwa kwa inchi, huandikwa katika vitabu vya rekodi na hutundikwa ukutani. Leo Marekani ina kulungu hawa wapatao milioni 30, na wawindaji huua karibu milioni 6 kila mwaka bila idadi kutetereka. Mwanzoni mwa karne ya 20 hali ilikuwa nyingine kabisa. Wawindaji wa biashara walikuwa wamepeleka nyama na ngozi mijini kwa treni mpaka kulungu waliobaki bara zima walikadiriwa kuwa nusu milioni au pungufu. Sheria za misimu na leseni, marufuku ya kuuza nyamapori, na kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa mwaka 1937 kugharimia uhifadhi ndizo zilizowarudisha.

Wazo la windo la haki lilizaliwa katika miaka ile ya uhaba. Mwaka 1887 Theodore Roosevelt, aliyekuwa bado hajawa rais, na mhariri George Bird Grinnell waliunda Boone and Crockett Club, chama kidogo cha watu wenye nafasi wa New York na miji ya jirani. Walichukizwa na mbinu zilizozoeleka katika misitu ya kaskazini. Mbwa walimkimbiza kulungu mpaka akajitupa ziwani, kisha mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi akampiga risasi kwa karibu au akammaliza kwa rungu. Usiku taa iliwashwa kando ya maji ili mnyama aduwae. Katika theluji iliyoganda juu, kulungu alizama kwa kwato zake huku mtu mwenye viatu vya theluji akimfikia bila shida. Chama kilizitaja mbinu za namna hiyo kuwa aibu. Katika maelezo yake ya leo, windo la haki ni kumfuata kwa heshima na kwa mujibu wa sheria mnyama wa porini anayezunguka atakako, kwa namna isiyompa mwindaji nguvu isiyostahili juu yake.

Sharti hilo lilikuwa na upande wa tabaka ambao husahaulika. Taa ya usiku na mbwa zilikuwa njia za mkulima maskini na mkata magogo kupata nyama kabla ya majira ya baridi. Wakili wa mjini aliyekuwa na wiki mbili za mapumziko na mwongozaji wa kulipwa aliweza kumudu kurudi mikono mitupu, lakini baba wa watoto sita hakumudu. Tangu mwanzo, basi, haki katika uwindaji ilipimwa na watu ambao njaa haikuwa sehemu ya hesabu yao. Hilo halibatilishi kanuni, lakini linaeleza kwa nini baadhi ya wawindaji wa vijijini huisikiliza kwa shaka mpaka leo, hasa katika majimbo ya kusini ambako kuwinda kulungu kwa mbwa ni mila ya familia, za watu weusi na weupe. Texas iliipiga marufuku mwaka 1990. Majimbo kadhaa ya kusini bado yanairuhusu, na wanaoilalamikia zaidi ni wenye mashamba makubwa na wale wanaoyakodi kwa uwindaji, kwa kuwa mbwa hasomi mpaka wa shamba.

Mwaka 1902 unaonyesha jinsi mstari huu ulivyokuwa mgumu kuuchora hata kwa waasisi. Mwezi Novemba, huko Mississippi, mwongozaji mashuhuri Holt Collier, aliyezaliwa mtumwa, alimnasa dubu, akamfunga kwenye mti na kumwita Rais Roosevelt aje ampige. Roosevelt alikataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Mchoraji Clifford Berryman alikichora kisa hicho, na midoli ya dubu ikapata jina la rais. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Roosevelt aliamuru dubu huyo aliyeumia auawe kwa kisu. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, alikuwa amewinda nguruwe-mwitu katika hifadhi binafsi ya Austin Corbin huko New Hampshire, eneo la zaidi ya eka 20,000 lililozungushiwa uzio na kujazwa wanyama kutoka Ulaya na magharibi mwa Marekani. Kwa macho yake kamba ilikuwa fedheha, lakini uzio wa upana ule haukuwa.

Safari yake ya Afrika Mashariki iliyoanzia Mombasa mwaka 1909 inafunua ukomo mwingine wa kanuni hiyo. Msafara wake ulikusanya viumbe zaidi ya 11,000 kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, kuanzia wadudu hadi tembo, na wengi wameulaumu kwa wingi huo. Windo la haki halikuwa na jibu kwa lawama hiyo, kwa sababu kanuni hiyo huangalia namna ya kuua. Idadi imeachwa mikononi mwa sheria ya leseni.

Uzio wa leo umetoka mahali tofauti na hifadhi ya Corbin. Texas ndiyo makao yake makuu. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za ardhi ya jimbo hilo ni mali ya watu binafsi, na bei ya ng'ombe iliposhuka wenye ranchi waligundua kwamba kulungu humlipa mwenye ardhi kuliko fahali. Kwanza walikodisha haki ya kuwinda. Kisha wakaanza kulisha, kuacha madume wachanga wakue, na kupunguza majike. Dume aliyeachwa akomae alipovuka waya mfupi wa ng'ombe na kuuawa kwa jirani, mwenye ranchi aliona miaka minne ya kazi yake imepotea kwa usiku mmoja. Uzio mrefu ulianza kama jibu la hasara hiyo. Hatua iliyofuata ilikuwa kuzalisha: majike katika vizizi vidogo, mbegu za madume wenye pembe kubwa zikinunuliwa na kupandikizwa, watoto wakinyweshwa maziwa ya chupa, madume wakubwa wakiachiliwa ndani ya eneo lenye uzio kabla ya msimu. Mteja huweza kuoneshwa picha ya madume na bei ya kila mmoja kufuatana na inchi za pembe zake, na kulipa maelfu ya dola, wakati mwingine makumi ya maelfu.

Namna pembe zilivyobadilika ni ushahidi wa kutosha wa kazi ya mfugaji. Rekodi ya Boone and Crockett ya kulungu wa porini mwenye pembe za umbo la kawaida ilipatikana Saskatchewan, Kanada, mwaka 1993, ikiwa na inchi 213 na ushei. Katika vizizi wako madume wenye pembe za umbo lisilo la kawaida zinazozidi inchi 400, nzito kiasi kwamba mnyama huinamisha kichwa. Boone and Crockett haimwandiki mnyama yeyote aliyeuawa ndani ya uzio asioweza kuuvuka, na ndivyo ilivyo kwa Pope and Young Club, chama cha wapiga upinde kilichoundwa mwaka 1961. Safari Club International, chama chenye wanachama wanaowinda duniani kote, Tanzania ikiwemo, imechukua njia nyingine: inawaandika, ila katika orodha yao ya pekee. Hatua hiyo imewaudhi wengi kwa sababu, kwa maoni yao, rekodi huheshimu asili, na mnyama aliyetengenezwa kwa mbegu za kuchagua na chakula cha protini hana cha kusema juu ya asili.

Hoja ya kwanza dhidi ya uzio ni ya nafasi. Kuwinda, wanasema wakosoaji, ni jambo ambalo linaweza kushindikana. Mwanafalsafa wa Kihispania José Ortega y Gasset, katika insha yake ya mwaka 1942 ambayo wawindaji wasomi wa Marekani huirejea sana, aliona kwamba kuua ni tendo linalokamilisha uwindaji ila si lengo lake. Anayetaka kifo tu cha mnyama bila kumtafuta ameikwepa shughuli nzima. Jim Posewitz wa Montana, aliyetumikia idara ya wanyamapori ya jimbo hilo kwa miongo kadhaa na kuchapisha *Beyond Fair Chase* mwaka 1994, aliifanya hoja hii kuwa elimu ya vijana. Kitabu chake kimetumika katika mafunzo ya wawindaji wapya majimbo mengi. Kwake, mwindaji mwema ni yule anayejizuia akiwa peke yake msituni, mahali ambapo hapana shahidi. Mwanaikolojia Aldo Leopold alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo katika miaka ya 1940: mwindaji hana watazamaji wa kumpigia makofi wala mwamuzi wa kumpulizia kipenga.

Watetezi wa uzio hujibu kwa hesabu ya ardhi, na jibu lao lina uzito. Dume wa kulungu wa mkia mweupe huishi sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya kilomita chache za mraba, na jike mara nyingi katika eneo dogo zaidi. Ranchi ya eka 5,000 ni kilomita za mraba 20. Kulungu aliyezaliwa humo anaweza kufa kwa uzee bila kuugusa waya, na wapo wawindaji waliokaa wiki nzima juu ya ulingo ndani ya maeneo kama hayo wasione dume waliyemtaka. Kinyume chake, kipande cha msitu cha eka 40 kilichozungukwa na mashamba ya mahindi huko Iowa hakina uzio wowote, lakini kulungu anayelala humo hana njia nyingi za kutokea, na jirani anayejua njia hizo huwa amekwisha kuketi kwenye mojawapo alfajiri.

Kwa hiyo ukubwa ni muhimu, na hapa ndipo kosa la hoja nyingi za pande zote lilipo. Neno uzio linabeba mambo mawili yasiyofanana: ranchi ya maelfu ya eka yenye kulungu waliozaliwa humo bila kuguswa na mkono wa mtu, na boma la eka 50 ambamo dume aliyelelewa kwa chupa ameletwa kwa gari juzi na hajui pa kujificha. La pili karibu hakuna mwindaji anayelitetea hadharani, na hata vyama vya wenye mashamba ya uzio husema kwamba hayo si yao. Ugumu ni kwamba hakuna kipimo kinachotenganisha la kwanza na la pili. Baadhi ya majimbo yameweka idadi ya chini ya eka, lakini idadi hiyo haisemi kama kuna vichaka au uwanja mtupu, wala kama mnyama ameshazoea kumkimbilia binadamu anayetikisa ndoo ya chakula. Mazoea ya mnyama yana uzito kuliko eka. Kulungu asiyemwogopa mtu amepoteza kinga yake kuu, na hata akipewa kilomita 100 za mraba ataendelea kusimama na kutazama.

Watetezi wana jibu la pili, lililo kali zaidi: wanaowalaumu waangalie wanachofanya wao nje ya uzio. Katika ardhi binafsi ya Texas, ndani na nje ya waya, ni halali kuweka pipa lenye mashine ya saa inayomwaga mahindi alfajiri na jioni, na mwindaji kukaa ndani ya kibanda mita 90 kutoka hapo. Majimbo mengine yanakataza kabisa. Michigan iliyaondoa mahindi hayo katika rasi yake ya kusini mwaka 2019. Kamera zinazofungwa kwenye miti na kutuma picha kwenye simu papo hapo humwambia mwindaji aliyeko ofisini kwamba dume amefika. Arizona ilizipiga marufuku katika uwindaji kuanzia Januari 2022, na Boone and Crockett inakataa mnyama aliyepatikana kwa picha za papo hapo au kwa droni. Bunduki za leo zenye darubini zinazokokotoa upepo na umbali huweza kumfikia mnyama aliye mbali mno asiweze kusikia, kunusa wala kuona hatari. Mnyama wa namna hiyo ana msitu mzima wa kukimbilia, lakini hajui kwamba inambidi kukimbia. Na wanaolaani kulungu wa uzioni wengi wao huwinda bila kusita ndege wa kufugwa, kama vile fezanti wenye asili ya Asia, wanaotolewa kwenye vizimba asubuhi ya siku ya windo.

Hoja hii inafichua unafiki wa baadhi ya watu, lakini haiusafishi uzio. Inaonyesha kwamba nafasi ya mnyama kutoroka hupungua kwa ngazi, na kwamba uzio ni ngazi moja kati ya nyingi. Mtu anayeikubali kwa dhati atalazimika kuziangalia upya mashine za mahindi na kamera za simu, na kwa kweli ndivyo wanavyofanya baadhi ya wawindaji wa upinde, wanaorudi kwenye upinde wa mti mtupu usio na kapi wala darubini.

Hapo ndipo linapojitokeza swali ambalo wapenda haki hawalipendi. Kadiri windo linavyofanywa gumu, ndivyo uwezekano wa kumjeruhi mnyama bila kumpata unavyoongezeka. Mshale uliopotoka kwa upana wa kiganja humwacha kulungu akifa kwa siku kadhaa. Ndani ya uzio, mbele ya pipa la mahindi, mnyama amesimama tuli na bunduki imeegemezwa. Risasi huingia mahali pake na yote huisha kwa sekunde. Anayejali mateso ya mnyama peke yake ana sababu ya kuliona hili la pili kuwa ni bora. Wenye mashamba huongeza kwamba dume wao ameishi miaka mitano juani na kivulini, kisha akafa bila kujua, jambo ambalo ng'ombe wa machinjioni hapati.

Jibu la dhati ni kukiri kwamba windo la haki halikuwekwa kwa ajili ya raha ya mnyama. Kulungu hajui kanuni, wala haioni tofauti kati ya risasi ya haki na ya dhuluma. Kanuni inamhusu mwindaji: uhusiano gani ameuchagua kati yake na kiumbe anayemtoa uhai. Ndiyo maana wengi wanaoikubali huifunga pamoja na wajibu wa pili, yaani kufanya mazoezi mpaka mkono uwe thabiti na kuacha kila nafasi isiyo ya hakika. Ugumu unapaswa kuwa katika kumkaribia mnyama, na kifo chake kiwe chepesi. Pamoja na hayo, mvutano haumaliziki, na maandishi mengi ya maadili ya uwindaji huupita haraka mno.

Kuna wanaoshika njia ya katikati. Kwao shamba la kulungu ni ufugaji halali, nyama yake ni nyama, na mwenye pesa aende akapige. Ila asiseme amewinda, na pembe zake zisilinganishwe na za mtu aliyekesha milimani. Msimamo huu una mvuto kwa sababu hauhitaji sheria mpya. Udhaifu wake ni kuchukulia kwamba mambo ya ndani ya uzio hubaki ndani. Wapo pia wanaoutetea uzio kwa ajili ya wazee, watu wenye ulemavu na watoto wagonjwa ambao hawawezi kutembea porini. Hoja hiyo ni ya kweli kwa watu halisi, lakini majimbo mengi yana misimu na maeneo maalumu ya umma kwa ajili yao, na wateja wengi wa dume wa makumi ya maelfu ya dola wana miguu mizima.

Hoja nyingine ya upande wa uzio hutoka Afrika. Choroa wa Sahara mwenye pembe za upanga alitoweka porini, akatangazwa hivyo mwaka 2000, wakati ranchi za Texas zikiwa na maelfu yake kwa sababu wawindaji walilipia. Tangu mwaka 2016 choroa hao wamerudishwa Chad kutoka kwenye makundi yaliyofugwa. Kwamba malipo ya wawindaji yalisaidia kuhifadhi kizazi hicho ni vigumu kukana. Lakini mfano huo hauwahusu kulungu wa mkia mweupe, ambao ni milioni 30 na hawahitaji safina.

Swali zito kuliko yote, na ambalo lingestahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa, ni la umiliki. Wahamiaji wa Ulaya walikumbuka nchi ambako kulungu alikuwa wa mfalme au wa bwana mwenye ardhi. Katika Uingereza ya enzi za kati, mabwana walizungusha mbuga zao kwa mtaro na boriti, wakaacha mahali pa kuruka palipojengwa kwa hila: kulungu wa nje aliweza kuingia lakini asiweze kutoka. Marekani iliamua vingine. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba wanyamapori ni mali ya wananchi wote, serikali ikiwashika kama dhamana. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1979 katika kesi ya biashara baina ya majimbo, lakini wazo la dhamana limebaki kuwa nguzo ya sheria za majimbo. Mwenye ardhi anaweza kuwazuia watu wasiingie kwake, ila kulungu anayepita hapo si wake.

Uzio unaibomoa nguzo hiyo kimyakimya. Kulungu waliokuwepo siku waya ulipofungwa walikuwa wa umma. Kesho yake hakuna mwananchi mwingine anayeweza kuwafikia, na watoto wao wana bei. Katika Missouri, bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2014 sheria ya kuwahesabu kulungu wa kufugwa kuwa mifugo. Gavana Jay Nixon aliikataa, na jaribio la kumpiku lilishindwa kwa kura moja katika baraza la wawakilishi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba kulungu hao bado ni wanyamapori chini ya mamlaka ya uhifadhi. Texas yenyewe, pamoja na mapenzi yake ya mali binafsi, haikuwapa wafugaji walichotaka: mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Austin ilishikilia kwamba kulungu aliyezalishwa na mfugaji mwenye kibali hubaki mali ya watu wa jimbo. Mfugaji, basi, huuza kitu ambacho kisheria anakishikia tu. Hali hiyo ya mashaka ndiyo inayofanya kila sheria ndogo kuhusu kulungu wa vizizi igombaniwe kana kwamba ni katiba.

Ugonjwa ndio ulioutoa ubishi huu kwenye falsafa na kuuleta mlangoni kwa kila mtu. Mwaka 1967, katika vizizi vya utafiti huko Colorado, kulungu walianza kukonda, kutokwa na mate na kuzubaa mpaka kufa. Mwaka 1978 mtafiti Elizabeth Williams alitambua kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Leo unajulikana kuwa jamaa wa kichaa cha ng'ombe, unaosababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya. Hauna tiba wala chanjo, na prioni hudumu ardhini kwa miaka. Mwaka 1981 ulionekana porini, 2002 ukafika Wisconsin, na sasa umeripotiwa katika majimbo zaidi ya 30. Hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa, lakini mamlaka za afya zinashauri nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe.

Wakosoaji huwanyooshea kidole wafugaji, kwa kuwa kulungu wa biashara husafirishwa kwa malori mamia ya maili, hukaa wamesongamana, hutoroka waya unapoangukiwa na mti, na hugusana pua na wenzao wa nje. Montana ilipogundua ugonjwa katika shamba la elki, jamaa mkubwa wa kulungu, mwaka 1999, wawindaji wenyewe walikusanya saini, na Novemba 2000 wapiga kura, kwa wingi mdogo, wakapiga marufuku mashamba mapya na kulipisha watu kuwapiga wanyama waliofungiwa. Wafugaji nao wana la kusema: kisa cha kwanza cha Texas, mwaka 2012, kilikutwa kwa kulungu wa porini karibu na mpaka wa New Mexico, miaka mitatu kabla ya kizizi chochote, na wawindaji wa porini hubeba vichwa na mizoga yenye maambukizo kuvuka majimbo. Yote mawili ni kweli. Tofauti ni kwamba kulungu wa porini kwa kawaida hubaki ndani ya kilomita chache, na wa biashara huweza kuvuka jimbo zima kwa siku moja.

North Dakota ilijaribu kufuata njia ya Montana mwaka 2010. Pendekezo lililetwa na wawindaji wa jimbo hilo wenyewe, na wapiga kura wengi wakalikataa. Katika kampeni za namna hii hofu moja hurudi kila mara: kwamba watetezi wa haki za wanyama, wanaounga mkono marufuku hizo, leo wanataka uzio na kesho watataka bunduki, hivyo wawindaji wasigawanyike. Mwanamuziki Ted Nugent, mwenye eneo lake la uwindaji lenye uzio huko Michigan, ameitetea hoja hiyo kwa sauti kubwa kwa miaka mingi. Wanaompinga wanahesabu vingine. Wamarekani wengi sana wasiowinda huukubali uwindaji wa nyama, lakini walio wachache ndio wanaokubali uwindaji wa nyara, na picha moja ya dume aliyefugwa akipigwa karibu na waya hukosesha wawindaji wote uungwaji mkono ambao kura zinategemea. Kwa kipimo hicho, kunyamaza kwa ajili ya umoja kunagharimu zaidi ya kusema.

Sasa ubishi unavuka waya kutoka ndani kwenda nje. Watafiti wamegundua kwamba baadhi ya kulungu hurithi uwezo wa kuuchelewesha ugonjwa, na wafugaji wameanza kuzalisha kwa kufuata vinasaba hivyo. Mwaka 2024 Oklahoma ilipitisha sheria inayofungua njia ya kuwaachilia porini kulungu wa vizizini wenye vinasaba hivyo, ili wachanganyike na wa asili. Wafugaji wanaiona kuwa zawadi yao kwa umma, baada ya miaka ya kulaumiwa. Wanasayansi wengi wa wanyamapori wana wasiwasi kwamba mnyama anayechelewa kuugua anaweza kuishi muda mrefu zaidi akieneza prioni, na kwamba sifa moja ikichaguliwa nyingine hupotea. Kwa mwindaji wa haki kuna swali jingine tena: miaka ishirini baadaye, dume atakayemkuta msituni bila uzio wowote, mwepesi na mwenye hofu, atakuwa mjukuu wa majike waliopandikizwa mbegu kizizini, na kitabu cha rekodi kitalazimika kuamua kama huyo ni mnyama wa porini.